Ellabell, Septemba 2025: mafundi wa betri kati ya kufunga mtambo na kujenga

Alhamisi ya tarehe 4 Septemba 2025, maofisa wa uhamiaji wa Marekani waliingia kwenye eneo la ujenzi wa kiwanda cha betri huko Ellabell, kaunti ya Bryan, jimbo la Georgia. Kiwanda ni cha HL-GA Battery Company, ubia wa Hyundai na LG Energy Solution, na kimepakana na kiwanda kikubwa cha magari ya umeme cha Hyundai. Siku ile walikamatwa watu 475, na 317 kati yao walikuwa raia wa Korea Kusini. Serikali ya Marekani ilisema haijawahi kufanya msako mkubwa kama huo mahali pamoja. Video iliyotolewa na ICE yenyewe, idara ya uhamiaji iliyoendesha msako, iliwaonyesha mafundi wakifungwa minyororo mikononi, kiunoni na miguuni.

Katika watu 475 wamo wa kila hali. Maofisa walisema wengine walivuka mpaka bila kibali, wengine muda wao ulikwisha, na wengine waliingia kwa utaratibu wa kusamehewa viza ambao hauruhusu kuajiriwa. Uchambuzi huu unahusu kundi moja tu: fundi wa Kikorea aliyepita uwanja wa ndege mchana kweupe, pasipoti mkononi, mshahara wake ukiingia benki ya kwao, akiwa ametumwa kufunga mashine kwa wiki au miezi michache kisha arudi. Mtu huyu alifikaje kwenye minyororo? Ukifuatilia karatasi zake kutoka mwisho kurudi mwanzo, kosa kubwa unalikuta mbali na yeye, kwenye mkataba ulioandikwa kabla hajaambiwa afunge sanduku.

Kwa nini ilikuwa lazima atoke Korea

Seli ya betri ya gari inapita hatua nyingi. Uji wa elektrodi unachanganywa, unapakwa juu ya utepe mwembamba wa shaba au alumini, unakaushwa, unabanwa kwa roli, unakatwa, tabaka zinapangwa, elektroliti (kimiminika cha kupitishia chaji) inajazwa, kisha seli inachajiwa mara ya kwanza na kuachwa ikomae. Hatua kadhaa zinafanyika kwenye chumba kikavu ambacho hewa yake ina kiwango cha umande cha nyuzi 40 chini ya sifuri au zaidi ya hapo, kwa sababu unyevu kidogo tu unaharibu seli. Unene wa uji unapimwa kwa mikromita. Mashine za namna hii hazinunuliwi dukani. Zinaundwa kwa vipimo vya mteja mmoja, nyingi na makampuni madogo ya Korea, na anayejua kwa nini roli ya tatu inavuta utepe upande ni yule aliyeikusanya karakanani kwao.

Mashine ikisafirishwa vipande vipande, kazi ya kiwandani inakwenda hivi: kuteremsha na kupanga, kusawazisha mpaka kila kitako kikae sawa, kuunganisha umeme, hewa ya mgandamizo, nitrojeni, maji baridi na mabomba ya kutolea mvuke, kupima kila ishara kutoka kwenye kihisio hadi kwenye kompyuta ya mtambo, kuendesha tupu, kuendesha na malighafi, kisha kurekebisha hadi mnunuzi akubali kutia saini. Mlolongo huu ukumbuke, kwa maana mstari wa sheria unapita katikati yake.

Viza zilizokuwepo hazikulingana na kazi hiyo. H-1B, viza ya kazi za kitaalamu, ina nafasi 65,000 kwa mwaka na nyingine 20,000 kwa wenye shahada za juu za Marekani, hupatikana kwa bahati nasibu, hudai shahada, na kazi huanza Oktoba. Fundi mwenye diploma na miaka 15 ya spana hana nafasi hapo. L-1, ya kuhamishwa ndani ya kampuni, inamtaka aliyefanya kazi mwaka mmoja kwenye kampuni yenye tawi au kampuni dada Marekani, na kampuni ndogo ya kutengeneza mashine kwa kawaida haina tawi huko. E-2, ya wawekezaji, nayo inahitaji kampuni iliyowekeza Marekani. Australia ina viza zake 10,500 kwa mwaka, Singapore 5,400 na Chile 1,400, zote zikihusishwa na mikataba ya biashara. Korea ina mkataba wa biashara huria na Marekani tangu 2012 lakini haikupewa fungu lake. Muswada wa kuitengea nafasi 15,000 umekuwa ukipelekwa Congress, bunge la Marekani, tangu 2013 bila kupita.

Zikabaki njia mbili: viza ya biashara ya B-1, au ESTA, kibali cha mtandaoni kwa raia wa nchi zilizosamehewa viza. Kati ya Wakorea 317, takriban 170 walikuwa na ESTA na 146 walikuwa na viza ya B-1 au ya B-1/B-2, inayounganisha biashara na utalii.

Sheria inasema nini hasa

Watu wengi husema B-1 ni ya mikutano tu. Si kweli, na kutoijua sheria hapa kumewaumiza mafundi wengi. Maelekezo ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kwa maofisa wa ubalozi yanamruhusu mwenye B-1 kufunga, kuhudumia au kukarabati mashine za biashara au viwanda zilizonunuliwa kutoka kampuni ya nje ya Marekani, au kuwafundisha Wamarekani kazi hiyo. Masharti ni haya: mkataba wa mauziano utaje waziwazi kwamba muuzaji atatoa huduma hiyo, fundi awe na ujuzi wa pekee unaohitajika ili muuzaji atimize ahadi yake, na asilipwe kutoka chanzo cha Marekani.

Baada ya ruhusa unakuja ukuta. Kanuni ya uhamiaji ya Marekani, 8 CFR 214.2(b)(5), inasema anayekuja kufanya kazi ya ujenzi, iwe nje kwenye uwanja au ndani ya kiwanda, hastahili B-1. Anaweza kuja kusimamia au kufundisha wanaojenga, ila mkono wake usiguse ujenzi.

Ukuta huo una historia inayofaa kujulikana. Mwaka 1984 huko California, mradi wa dhahabu wa McLaughlin wa kampuni ya Homestake ulinunua mtambo mpya wa kuchenjulia dhahabu kutoka Didier-Werke ya Ujerumani Magharibi. Mkataba ulitaka muuzaji alete watu wake wakamilishe kazi pale mgodini. Wajerumani kumi wakapewa B-1 mjini Bonn, wakaingia Januari 1985. Kazi yao ilikuwa kujenga kuta za ndani za matangi ya shinikizo kwa matofali maalumu. Chama cha waashi cha Marekani kikaenda mahakamani, na mwaka huohuo mahakama ikaamua kwamba mwongozo wa uhamiaji uliowaruhusu unapingana na sheria. Matofali yale yalikuwa sehemu ya mtambo, hakuna ubishi. Lakini kupanga tofali ni uashi, na waashi walikuwepo California. Kanuni ya leo kuhusu ujenzi ilitokana na kesi hiyo.

Rudi sasa Ellabell na mlolongo wa kazi. Kusawazisha mashine na kupima ishara zake ni kufunga. Hapo fundi yuko salama. Kurekebisha unene wa uji ni kufunga. Vipi kutoboa sakafu ya zege ili kuweka boliti? Kuvuta nyaya kutoka swichi kuu ya jengo hadi kwenye mashine? Kuchomelea bomba la nitrojeni linalopita darini mita 60? Kwa maoni yetu bomba la darini ni ujenzi, hata kama halitatumika na kitu kingine ila mashine ile. Fundi bomba wa Georgia anaweza kulivuta akipewa mchoro. Mita ya mwisho, kutoka koki ya jengo hadi kwenye mdomo wa mashine, ndiyo ya fundi wa muuzaji. Mgawo huu usipoandikwa mapema, kiwanda kikichelewa kila mtu atashika kilicho karibu, na hapo ndipo mwenye B-1 anapokutwa juu ya ngazi na mashine ya kuchomelea.

Mnyororo wa mikataba ulipokatika

LG Energy Solution ilisema wafanyakazi wake yenyewe waliokamatwa walikuwa 47, na karibu 250 walikuwa wa makampuni washirika. Kwa hiyo wengi hawakuwa watu wa mnunuzi. Walikuwa wa wauza mashine, na wa makandarasi wadogo chini yao.

Chukua mfano wa ngazi tatu. Kiwanda kinanunua mashine ya kupaka kutoka kampuni A. A inaipa kampuni B kazi ya programu na umeme wa mashine. B, ikipungukiwa na watu, inaazima mafundi wanne kutoka C. Mkataba wa mauziano ni kati ya kiwanda na A, na sheria inamzungumzia muuzaji. Fundi wa C hatajwi popote. Hata kama yeye ndiye pekee anayeijua programu ile, akiulizwa mpakani "wewe ni nani katika mauzo haya?", hana karatasi ya kujibu.

Ofisi za wakubwa huziba pengo hili kwa barua ya mwaliko inayosema "mkutano wa kiufundi" au "mashauriano". Inaandikwa hivyo kwa kuogopa neno "kazi". Hapo fundi anapewa hati tatu zisizopatana: barua inasema mkutano, mkataba unaitaja kampuni nyingine, na kofia ngumu kichwani mwake inasema kitu cha tatu. Kila moja peke yake ingeweza kutetewa, lakini zote tatu pamoja zinaonekana kama udanganyifu, na anayeonekana mdanganyifu ni yeye aliyesimama mbele ya ofisa. Aliyeiandika barua yuko ofisini kwake, mbali na mpaka.

ESTA inaongeza hatari. Kukaa ni siku 90, haziongezwi wala huwezi kubadili hadhi. Zaidi ya hapo, anayeingia kwa ESTA anakuwa amekubali kuachia haki ya kupinga kuondolewa mbele ya hakimu, isipokuwa akiomba hifadhi. Mwenye B-1 akikamatwa ana njia ndefu zaidi ya kujitetea. Kuna pia jambo dogo ambalo wengi hawaliangalii: rekodi ya kuingia, I-94, huonyesha daraja. Aliyesamehewa viza huandikwa WB akiingia kwa biashara, WT akiingia kwa utalii. Mwenye viza ya B-1/B-2 anaweza kuandikwa B-1 (biashara) au B-2 (utalii), kulingana na alichojibu dirishani. Fundi aliyechoka baada ya safari ya saa 14 akajibu "natembea", akaandikwa WT au B-2, ameharibu kazi yote kabla hajachukua begi lake. I-94 inasomeka mtandaoni baada ya kuingia. Isomwe kabla ya kwenda kiwandani.

Siku nane

Waliokamatwa wengi walipelekwa kituo cha Folkston, kusini mwa Georgia. Serikali ya Korea Kusini ilituma maofisa, na mazungumzo yakahusu namna ya kuondoka: kufukuzwa, jambo linaloweza kufunga mlango wa kurudi kwa miaka, au kuondoka kwa hiari. Wakakubaliana kuondoka kwa hiari. Ndege iliyokodiwa, Boeing 747-8 ya Korean Air, ilikuwa iondoke tarehe 10, ikachelewa siku moja. Serikali ya Korea ilieleza kwamba Rais Trump alitaka kujua kama mafundi wangekubali kubaki ili wawafundishe Wamarekani. Tarehe 11 walibebwa kwa mabasi bila pingu, kiasi cha kilomita 430 hadi Atlanta. Ndege ikatua Incheon, uwanja wa ndege wa Seoul, tarehe 12 ikiwa na Wakorea 316 na wenzao 14 wa China, Japani na Indonesia. Mkorea mmoja alichagua kubaki.

Kuondoka kwa hiari ni afadhali kuliko kufukuzwa, lakini usiite ushindi. Anayetia saini haendi kwa hakimu, kwa hiyo swali la kama alivunja sharti lolote halijibiwi. Hati moja ya ndani ya uhamiaji iliyovuja ilieleza kwamba fundi mmoja mwenye viza halali ya B-1/B-2 hakuonekana kuivunja, na bado akaondolewa kwa njia hiyohiyo. Mtu huyo atakapoomba viza tena, huenda akalazimika kueleza kushikiliwa kwake.

Kiwanda nacho kiliumia. Mkuu wa Hyundai, José Muñoz, alisema ufunguzi utachelewa kwa angalau miezi miwili hadi mitatu. Jengo lilikuwepo, mashine zilikuwepo, mikono ya kuziwasha ndiyo iliyokuwa imerudi Incheon.

Tarehe 30 Septemba wajumbe wa nchi mbili walikutana Washington. Upande wa Marekani ukathibitisha kwamba B-1 inatumika kufunga, kuhudumia na kukarabati mashine za uwekezaji wa Wakorea, na kwamba mwenye ESTA anaweza kufanya hayohayo. Wakakubaliana pia kuweka dawati maalumu kwenye ubalozi wa Marekani mjini Seoul. Soma kauli hiyo kwa makini. Haikuongeza haki yoyote mpya, maana ruhusa ilikuwa kwenye maelekezo tangu zamani. Na haikugusa ukuta wa ujenzi. Bomba la darini liko palepale.

Faili ambalo lingesimama

Kazi ya kwanza ni ya mwanasheria wa mauzo, na hufanywa miezi kabla ya safari. Kwenye mkataba wa mauziano kiwekwe kifungu kinachojitegemea: muuzaji atafunga, atawasha, atafanyia majaribio mashine namba fulani, na atawafundisha waendeshaji wa mnunuzi, kwa siku kadhaa, kupitia watu wake au makandarasi wadogo waliotajwa kwenye kiambatisho. Majina ya kampuni B na C yaingie humo. Kila mkataba wa chini urudie kifungu hicho na kutaja tarehe na namba ya mkataba wa juu, ili mtu akianzia kwa fundi aweze kupanda ngazi hadi kwa mnunuzi bila kuruka daraja. Kifungu kikiongezwa baada ya mashine kufika, ofisa atauliza kwa nini bei haikubadilika, na swali lake ni la haki.

Kiambatisho cha pili ni mgawo wa kazi, na hiki ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote. Orodhesha kila muunganisho wa mashine: umeme, hewa, nitrojeni, maji, moshi, mtandao. Kwa kila mmoja andika mahali kamili ambapo kazi ya mkandarasi wa jengo inaishia na ya muuzaji inaanzia: koki namba fulani, swichi namba fulani, flanji (kiungio cha bomba) fulani. Weka mchoro. Boliti za sakafuni ziwe za mkandarasi wa jengo, muuzaji atoe vipimo tu.

Barua ya kutumwa iandikwe kwa kila mtu peke yake. Itaje mashine kwa namba zake, kazi atakayofanya kwa vitenzi vya kweli ("atasawazisha, atapima, atafundisha"), kazi asiyofanya, tarehe ya kuanza na ya kurudi, na nani anamlipa. Neno "mkutano" lisiwemo kama hakuna mkutano. Iambatane na hati za mshahara za miezi mitatu na uthibitisho wa ujuzi wake juu ya mashine ileile, mfano rekodi ya majaribio ya karakanani yenye saini yake. Mnunuzi amlipie chumba na chakula ikibidi, lakini asimpe ujira.

Njia tunayopendekeza ni B-1, si ESTA, kwa mtu yeyote atakayeshika spana. Ni kweli foleni ya ubalozi inaweza kula wiki nyingi na meneja wa mradi atalalamika. Lakini ofisa wa ubalozi ataisoma barua mapema, na akikataa, fundi bado yuko nyumbani kwake na familia yake.

Kiwandani, msimamizi atunze daftari la kila siku: jina, mashine, kazi, saa, na fundi Mmarekani aliyekuwa naye. Nakala ya faili iwe ofisini pale pale, na ukurasa mmoja wa muhtasari uwe mfukoni mwa fundi pamoja na namba ya simu ya wakili na ya ubalozi wake. Msako ukija, hakuna atakayengoja faili litumwe kutoka Seoul, ambako ni usiku.

Upande wetu

Fundi wa Nairobi anayetumwa Arusha kuwasha mashine ya kufungasha, au wa Dar es Salaam anayekwenda Kigali, anapita kwenye mstari uleule kwa sheria tofauti. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, ina kiambatisho kuhusu wafanyakazi: mkataba usiozidi siku 90 unaombewa pasi maalumu, na unaozidi hapo unaombewa kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ufungwe. Lakini mfanyakazi anayezungumziwa ni yule aliyepata ajira katika nchi ile. Fundi anayebaki kwenye mshahara wa Nairobi hakai vizuri kwenye maneno hayo, na atapimwa kwa sheria ya nchi anayoingia. Tanzania, kwa mfano, inayo Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, inayoweka kibali cha kazi mikononi mwa Kamishna wa Kazi, huku ukaazi ukibaki Uhamiaji. Ni madawati mawili, na kupitishwa na moja hakumfungi mwenzake. Mwenyeji aliyenunua mashine ndiye anayepaswa kubisha hodi kwenye yote mawili kabla basi la Namanga halijaondoka, akiwa na mkataba ule wenye kifungu, na majina ya watakaokuja yakiwa yamekwishaandikwa ndani yake.